Syrah tatu za nyumba moja: jinsi shamba linavyofika ndani ya chupa

Chini ya mlima Kasteelberg, katika wilaya ya Swartland iliyo kaskazini mwa Cape Town, nyumba ya mvinyo ya Chris na Andrea Mullineux hutoa chupa tatu za mvinyo mwekundu ambazo zimewashughulisha waonjaji kwa miaka mingi. Zote zinatokana na zabibu za aina moja, Syrah. Zote huvunwa, kukanyagwa, kuchachushwa na kulazwa mapipani kwa utaratibu unaokaribia kuwa uleule na kwa mikono ya watu walewale. Lebo zinatofautiana kwa neno moja tu: ya kwanza imepewa jina la mwamba wa shisti, ya pili jina la graniti, ya tatu jina la chuma. Hata hivyo, anayezionja kwa pamoja huona upesi kwamba hazifanani. Ya shisti ni nzito na ina tanini, yaani viambata vya ganda la zabibu vinavyobana ulimi kama chai kali; ya graniti ni nyepesi zaidi, imejaa manukato na ina ukali mtamu unaoburudisha; ya chuma imenenepa na hutanda kinywani.

Je, mtu anaonja jiwe? Wauzaji wengi hujibu kwamba ndivyo, na wanajiolojia wengi hujibu kwamba haiwezekani, na mnunuzi aliyesimama kati yao hubaki hajui kama amelipia ukweli au hadithi. Nia yangu hapa ni kuonyesha kwamba wanajiolojia wana haki, kwamba tofauti za chupa zile hata hivyo ni za kweli, na kwamba ili tofauti hizo zisipotee njiani kati ya shamba na meza, mtengenezaji analazimika kujinyima mambo mengi ambayo sheria inamruhusu kuyafanya. Kujinyima huko ndiko kunakoitwa utengenezaji wa kuingilia kidogo, na ndiko kunakoeleweka vibaya kuliko jambo lolote lingine katika biashara ya mvinyo ya leo.

Kwamba mahali pana ladha, msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kushawishiwa: mnunuzi sokoni akihakikishiwa kwamba mchele ni wa Kyela hutoa bei ya juu bila ubishi. Linalohitaji kufafanuliwa ni njia ambayo mahali hupitia mpaka kufika kinywani.

Mzizi wa mzabibu haunyonyi mwamba. Unanyonya maji, na ndani ya maji hayo hupitisha virutubishi vilivyoyeyuka, kama potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na nitrojeni iliyo katika hali ambayo mmea unaweza kuitumia. Graniti na shisti haziyeyuki kwa namna ya kutoa ladha, na madini yanayofika kwenye tunda ni machache mno kutambulika kwa ulimi wa binadamu. Alex Maltman, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth huko Wales, ametumia miaka mingi kulieleza jambo hili kwa wapenzi wa mvinyo ambao hawapendi kulisikia. Manukato ya mvinyo hujengwa na mmea wenyewe ndani ya tunda, na mengine huzaliwa na hamira wakati wa kuchachuka; hakuna hata moja lililochimbwa ardhini na kubebwa hadi kwenye glasi.

Kinachofanywa na mwamba ni kuamua mzabibu utapata maji kiasi gani, kwa kasi gani, na katika mwezi gani. Gérard Seguin, aliyeuchunguza udongo wa Bordeaux kwa miongo kadhaa katika nusu ya pili ya karne iliyopita, alionyesha kwamba mashamba yanayotoa mvinyo bora wa eneo lile yamekaa juu ya ardhi za aina nyingi sana, changarawe hapa na mfinyanzi pale, na kwamba sifa inayoyaunganisha ni jinsi yanavyoyasimamia maji: hupitisha mvua ya ziada upesi, kisha huupa mmea unyevu kidogokidogo kiangazi kinapoendelea. Mzabibu unaopata maji mengi huendelea kurefusha matawi na kuongeza majani, vishada vyake hukaa kivulini, na tunda hujaa maji. Mzabibu uliobanwa kiasi mwanzoni mwa kiangazi husimamisha ncha za matawi yake na kuielekeza sukari kwenye zabibu, ambazo hubaki ndogo. Udogo huo una uzito mkubwa kwa mvinyo mwekundu, kwa sababu rangi, tanini na sehemu kubwa ya manukato vimo kwenye ganda la zabibu, na tunda dogo lina ganda jingi kwa kila tone la mchuzi wake, yaani maji yake.

Sasa tunaweza kurudi Swartland tukiwa na macho mengine. Miteremko ya Kasteelberg ina shisti, mwamba wa tabaka nyembamba uliopasukapasuka, wenye udongo haba na mawe mengi juu yake. Mizizi hujipenyeza kwenye nyufa kwa shida, mmea hubaki mdogo, na zabibu zake huwa ndogo zenye ganda nene. Uzito na tanini za ile chupa ya kwanza zinaanzia hapo. Mlima wa Paardeberg, kusini kidogo, ni wa graniti iliyooza ikawa kichanga kikubwa juu na mfinyanzi chini. Mizizi hushuka bila taabu na kukuta unyevu uliohifadhiwa hata mwezi wa Februari, ambao huko ni wa kiangazi, kwa hiyo tunda hukomaa bila kuteseka sana na hubaki na asidi yake. Magharibi mwa mji wa Malmesbury ardhi huwa ya vilima vya chini, yenye changarawe ya chuma juu ya mfinyanzi, na zabibu zake hutoa mvinyo mpana na laini zaidi.

Ni haki kusema hapa kwamba majina ya mawe kwenye lebo ni ufupisho. Shamba la Kasteelberg linatofautiana na la Paardeberg kwa mambo mengine pia: mwinuko, upande ambao mteremko umeelekea, umbali kutoka Bahari ya Atlantiki ambayo upepo wake wa baridi huingia jioni, umri wa mizabibu, hata namna mkulima anavyopogoa. Mambo haya yote kwa pamoja ndiyo Wafaransa wanayoyaita terwari, na mwamba ni sehemu moja tu ya jumla hiyo, ingawa ni sehemu inayovutia macho na iliyo rahisi kuandikwa kwenye karatasi.

Uthibitisho ninaoupenda zaidi wa ukweli wa jambo hili unatoka Australia. Mwaka 2008 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Mvinyo ya Australia walitangaza kwamba wameitambua kemikali inayoipa Syrah harufu yake maarufu ya pilipili manga. Inaitwa rotundoni, na ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye pilipili manga yenyewe. Baadaye, katika shamba moja la eneo la Grampians katika jimbo la Victoria, ilipimwa safu kwa safu ikaonekana kwamba kiasi chake hakikuwa sawa: kulikuwa na sehemu zenye rotundoni nyingi na sehemu zenye kidogo ndani ya shamba lilelile, kutegemea mteremko na udongo, na kwa ujumla kemikali hii hupendelea vishada vinavyokomaa penye ubaridi. Hapa ladha ya mahali imeacha kuwa maneno ya kishairi na kuwa kitu kinachoweza kupimwa maabara. Utafiti ule wa mwaka 2008 uliongeza jambo la kutuliza mabishano ya mezani: takriban mtu mmoja kati ya watano hawezi kabisa kuinusa rotundoni, hata ikiwa nyingi. Wawili wanaobishana kama mvinyo fulani una pilipili wanaweza wote kuwa wanasema kweli.

Basi ikiwa tofauti za mashamba zimo kwenye tunda tangu siku ya kuvunwa, kwa nini hatuzionji katika kila chupa tunayonunua? Kwa sababu kati ya tunda na chupa kuna kazi nyingi, na karibu kila moja ya kazi hizo inaweza kufanywa kwa namna inayosawazisha. Katika kiwanda cha kawaida, zabibu za mashamba mengi huingia tangi moja. Mchuzi ukikosa ukali huongezewa asidi ya tartari, jambo ambalo katika nchi za jua kali ni la kila siku. Hamira iliyokaushwa na kuuzwa kwa pakiti hutiwa ili ianzishe kuchachuka siku inayotakiwa, na zipo hamira zilizochaguliwa kwa kuwa hutoa harufu fulani inayopendwa sokoni. Huongezwa vimeng'enya vya kutoa rangi, unga wa tanini wa kuupa mvinyo mwili, na mapipa mapya ya mwaloni yanayoacha harufu ya vanila na moshi. Mwishoni mvinyo husafishwa na kuchujwa mpaka ung'ae.

Hakuna dhambi katika hayo, na sitaki msomaji adhani kwamba ninamshutumu mtu. Mbinu hizi zimewapa mamilioni ya watu mvinyo safi kwa bei nafuu, unaofanana mwaka hata mwaka, na zinalinda mapato ya wakulima katika misimu mibaya. Lakini pakiti ya hamira iliyofunguliwa Stellenbosch inaweza kuwa sawa na iliyofunguliwa Chile, na pipa jipya lina harufu ileile popote linapowekwa. Kila kitu kinachoongezwa kikiwa kilekile kila mahali hufunika kidogo kile kilichokuwa cha mahali pamoja, na vikiongezwa vyote, Syrah ya shisti na Syrah ya graniti hufika mezani zikiwa ndugu wa kufanana mno.

Nyumba ya Mullineux imechagua njia nyingine. Kuchachuka huachiwa hamira zilizokuja na zabibu zenyewe na zile zinazoishi ndani ya jengo. Sehemu ya vishada huingizwa mizima pamoja na vikonyo vyake. Mapipa mengi ni makubwa, ya lita 500, na yameshatumika miaka kadhaa, kwa hiyo yanaupumzisha mvinyo bila kuupaka harufu ya mbao. Haiongezwi asidi, wala tanini, wala kimeng'enya; mvinyo huingia chupani bila kuchujwa. Kitu pekee kinachoongezwa ni salfa kidogo.

Inafaa kukaa kidogo juu ya hamira na salfa, kwani ndipo penye utata mwingi.

Juu ya ngozi ya zabibu huishi hamira za jamii nyingi, na nyingi kati yake ni dhaifu. Mchuzi ukitoka, hizo dhaifu ndizo zinazoanza kazi, na katika siku chache za mwanzo hutoa harufu mbalimbali, nyingine za kuvutia na nyingine za hatari. Kilevi kikianza kupanda hufa, na nafasi yao huchukuliwa na hamira moja yenye nguvu, Saccharomyces cerevisiae, ambayo ndiyo hiyo inayoumua mikate na kutengeneza bia, nayo huimaliza sukari. Mpangilio huu hutokea wenyewe, lakini hauna dhamana. Ikiwa zabibu zilikuwa zimepasuka au zimeoza, bakteria wa siki hupata mwanya. Ikiwa mchuzi una nitrojeni kidogo mno, hamira huchoka kabla ya sukari kwisha, na tangi husimama katikati ya safari likiwa tamu, vuguvugu na tayari kushambuliwa. Ikiwa mapipa hayakusafishwa vema, hamira nyingine iitwayo Brettanomyces hujificha kwenye mbao na kuupa mvinyo harufu ya zizi. Mtengenezaji asiyetumia hamira ya pakiti hana raha ya kukaa mikono mitupu. Anapaswa kuchagua vishada kimoja kimoja, kupima joto na sukari mara kwa mara mchana na usiku, na kuwa na usafi kuliko jirani yake anayetumia dawa.

Salfa, kwa usahihi zaidi dioksidi ya salfa, huzuia bakteria na huukinga mvinyo dhidi ya oksijeni. Hamira yenyewe hutoa kiasi kidogo wakati wa kuchachuka, kwa hiyo mvinyo usio na salfa kabisa karibu haupo. Umoja wa Ulaya unaruhusu hadi miligramu 150 kwa lita katika mvinyo mwekundu mkavu na 200 katika mweupe. Mwaka 2020 Ufaransa ilikubali kwa majaribio alama ya hiari ya mvinyo wa asili, ambayo inataka salfa isizidi miligramu 30. Wapo wanaoona kwamba hata tone moja ni usaliti. Mimi siungi mkono msimamo huo, na sababu yangu imo ndani ya lengo lenyewe: ikiwa tunataka shamba lionekane kwenye glasi, basi mvinyo ulioharibika kwa kukosa kinga unatuficha shamba vilevile kama ulivyofichwa na mwaloni mpya. Mvinyo wa graniti uliogeuka kunuka panya na mvinyo wa shisti uliogeuka kunuka panya havina tofauti yoyote ya kujadiliwa. Salfa kidogo kabla ya kufunga kizibo hulinda kile kilichohangaikiwa mwaka mzima, na wenye nyumba ya Swartland wanaelekea kuamini hivyohivyo.

Matokeo ya kujinyima ndani ya nyumba ya mapipa ni kwamba kazi huhamia shambani. Asiyetaka kuongeza asidi hana budi kuvuna siku ambayo asidi bado ipo, na katika nchi yenye kiangazi kikavu kama Swartland siku hiyo inaweza kupita upesi wimbi la joto likija. Akichelewa siku chache, sukari imepanda, asidi imeshuka, na hana chombo cha kurekebisha. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mashamba yanayothaminiwa huko ni ya mizabibu ya zamani isiyotegemezwa kwa nyaya, iliyoachwa isimame yenyewe kama kichaka kifupi, bila kumwagiliwa. Majani yake huvifunika vishada dhidi ya jua la alasiri, mizizi yake imeshakwenda mbali, na mazao yake ni machache. Katika ukame mkubwa uliolikumba jimbo la Western Cape kati ya mwaka 2015 na 2018, mazao ya mizabibu hiyo yalipungua pia, lakini iliendelea kukomaza matunda bila maji ya mfereji, nayo Cape Town ikihesabu siku zilizobaki kabla ya mabomba kukauka.

Kichaka cha mzabibu hakivuniki kwa mashine. Kinapogolewa kwa mkono, kinapaliliwa kwa mkono na kuvunwa na mtu aliyeinama. Siwezi kuandika juu ya ladha ya mahali nikaacha hili kando, kwa kuwa mahali pale pana historia nzito ya kazi. Kwa vizazi vingi vibarua wa mashamba ya Rasi, yaani eneo la Cape, wengi wao wakiwa wazao wa watumwa na wa Wakhoikhoi, wenyeji wa asili wa huko, walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, mtindo uliopigwa marufuku kisheria lakini ukaendelea chinichini kwa miongo, na madhara yake kwa afya ya watoto yanaonekana hadi leo. Mgomo wa vibarua ulioanzia mji wa De Doorns mwishoni mwa mwaka 2012 ndio uliofanya kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa shamba kipande kutoka randi 69 hadi 105 kwa siku mwaka uliofuata. Mvinyo unaojivunia kutoka kwa ardhi fulani unauzwa kwa bei ya juu kwa sababu ya mikono iliyoipogoa mizabibu hiyo kwa usahihi, na bei hiyo ndiyo inayowezesha, ikitakwa, mikono hiyo ilipwe vema.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini ubora huu haukujulikana mapema, ilhali mizabibu mingine ilipandwa miaka ya 1960 na kabla yake. Jibu limo kwenye mfumo wa kununua zabibu. Chama cha ushirika cha KWV, kilichoanzishwa mwaka 1918 ili kuwaokoa wakulima kutokana na bei kuporomoka, kilipewa mamlaka makubwa na serikali, ikiwemo kupanga bei ya chini na, kuanzia mwaka 1957, kugawa kiasi ambacho kila shamba liliruhusiwa kuzalisha. Swartland ilikuwa nchi ya ngano, na zabibu zake zilipelekwa kwenye kiwanda cha ushirika kilichoundwa mwaka 1948, ambako zilipimwa uzito na sukari, zikalipiwa, zikamwagwa pamoja. Chenin Blanc, zabibu nyeupe ambayo Afrika Kusini inayo kwa wingi kuliko nchi nyingine yoyote, nyingi iliishia kwenye brandi. Mkulima hakuwa na sababu ya kujua kama kona ile ya mlima ilitoa kitu cha pekee, kwa kuwa hakuna tangi lililowahi kuishika kona ile peke yake. Ladha ya mahali haikuwa imekosekana, ilikuwa haijatengwa.

Mgao huo wa uzalishaji ulifutwa mwaka 1992, na mlango ukafunguka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Charles Back, mwenye nyumba ya mvinyo ya Fairview, alianzisha nyumba nyingine, Spice Route, karibu na Malmesbury na kumweka kijana Eben Sadie kuwa mtengenezaji. Sadie akatoka kwenda kujitegemea, na mvinyo wake wa kwanza, Columella wa mwaka 2000, ukaonyesha ulimwengu kwamba wilaya ya ngano inaweza kutoa Syrah ya hadhi ya juu. Chris na Andrea Mullineux walifuata mwaka 2007. Kuanzia mwaka 2010 hadi 2015, wao na Sadie, pamoja na watengenezaji wenzao Adi Badenhorst na Callie Louw wa nyumba ya Porseleinberg, waliandaa kila mwaka mkutano wa wikiendi huko Riebeek-Kasteel walioupa jina la Mapinduzi ya Swartland, wakaufunga wenyewe ungali unapendwa. Jambo la kudumu zaidi lilikuwa jumuiya ya watengenezaji huru wa wilaya, ambayo kanuni zake zinataka zabibu zote ziwe za Swartland na zinakataza kuongeza hamira, asidi na tanini. Kwa kufanya hivyo walikigeuza kile kilichokuwa hiari ya mtu mmoja kuwa ahadi ya pamoja ambayo mnunuzi anaweza kuidai.

Imebaki sehemu ya familia na ubia. Watu husoma maneno "mvinyo wa familia" kwenye lebo na kufikiria nyumba ya mawe iliyorithiwa kwa karne tatu. Huko Swartland mara nyingi ni kinyume: watu wawili waliosomea kazi yao, Andrea akiwa mzaliwa wa California aliyehitimu Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, wakianza bila ardhi, wakinunua zabibu kutoka kwa wakulima wenye mashamba ya zamani na kukubaliana nao namna ya kuyatunza. Makubaliano haya ni ubia wa aina yake. Mkulima aliyezoea kulipwa kwa tani atapenda mazao mengi, wakati mnunuzi anataka vishada vichache vilivyokolea. Ndiyo maana wapo wanunuzi wanaolipa kwa hekta, ili kupungua kwa mazao kusimwadhibu aliyefanya kazi nzuri.

Ubia wa pili ni wa fedha. Mzabibu mpya huchukua miaka mitatu hivi kabla ya kutoa tunda la maana, mvinyo mwekundu hulala pipani mwaka mmoja au zaidi, na mapipa ni ghali. Fedha inatoka leo na kurudi baada ya misimu. Nyumba ya Mullineux ilianza na wabia waliotoa mtaji, na mwaka 2013 mfanyabiashara wa India Analjit Singh aliingia kuwa mbia, kampuni ikawa Mullineux & Leeu Family Wines na baadaye ikapata shamba lake yenyewe juu ya Kasteelberg. Wapo walioona kwamba tajiri akiingia, neno familia linapoteza maana. Kwa maoni yangu kipimo kiko kwingine. Kinachostahili kuulizwa ni nani anaamua siku ya kuvuna, na kama mtaji uliopo una subira ya kupoteza pipa lililoharibika badala ya kulisahihisha kwa unga. Miaka mitatu baada ya ubia huo Andrea alitajwa na jarida la Wine Enthusiast kuwa mtengenezaji bora wa mvinyo wa mwaka 2016, na chupa za shisti, graniti na chuma zimeendelea kutoka kila moja kwa jina lake.

Mizabibu ya zamani yenyewe bado iko hatarini. Ugonjwa wa virusi wa kukunja majani, unaoenezwa na wadudu wadogo waitwao vidung'ata, hupunguza mazao na kuchelewesha kukomaa, na mkulima anayeuza kwa tani ana kila sababu ya kung'oa kilichozeeka. Rosa Kruger, mtaalamu wa mizabibu ambaye kwa miaka mingi alizunguka nchi nzima akiyaorodhesha mashamba haya, ndiye aliyekuwa chanzo cha Old Vine Project, shirika lililoundwa mwaka 2016. Mashamba yenye umri wa miaka 35 na zaidi hupewa muhuri unaobandikwa kwenye chupa ukionyesha mwaka ambao mizabibu ilipandwa, ili mnunuzi alipie umri huo na mkulima apate sababu ya kuutunza.

Kwa msomaji wa Tanzania, haya hayako mbali kama yanavyoonekana, kwa kuwa Chenin Blanc na Syrah zimo Dodoma, pamoja na aina ya Makutupora iliyozoea ardhi ile tangu wamisionari wa Kikatoliki wa Kiitaliano walipopanda mizabibu Bihawana mwaka 1957. Mazingira ni tofauti mno. Mzabibu wa Swartland hulala wakati wa baridi na mvua, ukaamka wenyewe. Wa Dodoma, ulio karibu na ikweta kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,100, haulali, na mkulima ndiye anayepanga msimu kwa kisu cha kupogolea, akavuna mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwaka na tena kuelekea Agosti na Septemba. Kwa hiyo shamba moja la Dodoma hutoa mavuno mawili ya tabia mbili, moja lililokomaa wakati wa mvua na lingine lililokomaa wakati wa ukavu, na tofauti kati yao huenda ikawa kubwa kuliko ile ya shisti na graniti.

Lakini zabibu za wakulima wadogo huuzwa kwa kilo, au hukamuliwa na kuuzwa kama mchuzi wa zabibu kwa viwanda vinavyouchanganya na mwingine. Hali hiyo inafanana sana na ya Swartland ya miaka ya 1980, na hatua ya kwanza ya kutoka humo haihitaji mapipa ya Ufaransa wala mbia kutoka ng'ambo. Inahitaji tangi dogo lililotengwa kwa zabibu za kijiji kimoja, tuseme Hombolo, na lingine kwa za Mpunguzi, zikipogolewa wiki moja, zikichachushwa kwa namna moja bila nyongeza ya harufu, na daftari linaloandikwa tarehe ya kupogoa, tarehe ya kuvuna, sukari na asidi. Misimu michache ikishapita hivyo, vijiji hivyo vitakuwa na chupa zao za kuwekwa mezani kando kwa kando.